Chini ya Paa Moja: Utafiti wa Menejimenti na Akili Mnemba Tangu 1935

Wengi hudhani kwamba akili mnemba, yaani ule uwezo wa kompyuta kutenda mambo ambayo binadamu huyatenda kwa kufikiri, na ambao waandishi wengine huuita akili unde au akili bandia, ulizaliwa katika maabara za wahandisi na wanahisabati, ukakulia huko, kisha ukafikishwa kwa mameneja ukiwa bidhaa iliyokamilika. Historia haiungi mkono dhana hiyo. Mmoja wa waasisi wakuu wa fani hii alikuwa mwanazuoni wa utawala aliyeajiriwa katika chuo cha menejimenti, na swali lililomfikisha kwenye kompyuta lilikuwa swali la ofisini: mtu mwenye dhamana hufikiaje uamuzi ilhali hana muda, hana taarifa zote, na hawezi kuzikokotoa hata kama angekuwa nazo? Fani hizi mbili, basi, hazikukutana ukubwani. Zililelewa chini ya paa moja, zikatengana kwa miaka mingi, zikakutana tena kwa mashaka, na kila zilipokutana, kazi zilizobaki na thamani ni zile ambazo watafiti wake walikubali kuketi karibu na mtenda kazi wakamtazama anavyoamua, badala ya kutabiri wakiwa mbali.

Mwanazuoni huyo ni Herbert Simon, mzaliwa wa Milwaukee, Marekani, mwaka 1916. Mwaka 1935, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alirudi katika mji wake wa kuzaliwa kuchunguza jinsi viwanja vya michezo vilivyoendeshwa kwa ushirikiano wa bodi ya shule na idara ya ujenzi ya jiji. Nadharia ya uchumi aliyoijua ilisema kwamba fedha zingegawanywa kati ya kutunza viwanja na kuajiri viongozi wa michezo mpaka dola ya mwisho inayotumika upande mmoja ilete faida sawa na dola ya mwisho ya upande wa pili. Simon hakumwona afisa yeyote akipiga hesabu ya namna hiyo. Alichokiona ni kila idara kutetea kile ilichokizoea na kilichokuwa chini ya mamlaka yake, na uamuzi kupatikana kwa kulinganisha machache yaliyokuwa mbele ya macho. Kutokana na mbegu hiyo kilikuja kitabu chake cha mwaka 1947, Administrative Behavior, na baadaye dhana ya urazini wenye mipaka, inayosema kwamba binadamu huwa na sababu ya anachokitenda, lakini uwezo wake wa kujua, kukumbuka na kukokotoa una kikomo, kwa hiyo hatafuti lililo bora kuliko yote, bali hutafuta mpaka apate linalotosha, akaishia hapo.

Mwaka 1949 Simon alihamia Pittsburgh, katika Taasisi ya Teknolojia ya Carnegie, ambako tajiri William Larimer Mellon alikuwa ametoa dola milioni 6 za kuanzisha chuo cha uzamili cha utawala wa viwanda. Chuo kilikuwa kichanga, hakikuwa na desturi nyingi za kulinda, na kiliwaweka pamoja wachumi, wanasaikolojia, wanahisabati na wataalamu wa siasa ambao kwingineko wasingepishana hata kwenye korido. Baadhi yao walijishughulisha na hesabu za kupanga uzalishaji. Charles Holt, Franco Modigliani, John Muth na Simon mwenyewe walitunga kanuni za kukadiria kiasi cha kuzalisha, akiba ya bidhaa ya kuweka ghalani na idadi ya wafanyakazi wa kuajiri, wakizijaribu katika kiwanda cha rangi, na kazi yao ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Kanuni hizo zilifaa pale ambapo jambo zima lingeweza kuandikwa kwa milinganyo. Mambo mengi yanayomnyima meneja usingizi hayaandikiki hivyo, na hapo ndipo kompyuta ilipoingia kwa mlango usiotarajiwa.

Mwaka 1952 Simon alikutana na Allen Newell, mtafiti kijana wa Shirika la RAND huko Santa Monica, California, aliyekuwa akichunguza jinsi askari wa anga walivyofanya kazi pamoja katika kituo cha mfano cha ulinzi dhidi ya ndege za adui. Ili zoezi lifanane na hali halisi, mashine ya kukokotoa ilichapisha ramani za rada, nukta baada ya nukta, na askari wakazisoma kana kwamba ndege zilikuwa kweli angani. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini liliwafungua macho wote wawili, kwa kuwa mashine iliyodhaniwa kuwa ya kujumlisha tarakimu ilikuwa ikichapisha alama zisizo tarakimu, na kama ingeweza kushughulikia alama za aina yoyote, basi ingeweza kushughulikia malighafi yenyewe ya fikra.

Pamoja na J. C. Shaw, mwandishi wa programu wa RAND, walibuni programu ya kuthibitisha kauli za mantiki. Mnamo Januari 1956, kabla mashine haijawa tayari kuiendesha, Simon aliwakusanya mkewe, watoto wake watatu na baadhi ya wanafunzi wa uzamili katika jengo la chuo, akampa kila mmoja kadi. Kila kadi ilibeba maagizo ya sehemu moja ya programu, au yaliyomo katika sehemu moja ya kumbukumbu yake, na kila aliyeshika kadi alitakiwa kutenda kile tu ilichosema, zamu yake ilipofika, bila kulazimika kuelewa lengo la kundi zima. Kundi likafanya kazi ya mashine, na uthibitisho ukapatikana. Picha hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu watu waliogawanyiwa majukumu, wanaopokezana taarifa kwa utaratibu uliowekwa na kufikia pamoja jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelishika lote kichwani, ndio maelezo ya ofisi kama Simon alivyokuwa ameieleza mwaka 1947. Programu ya kwanza ya akili mnemba ilijengwa na mtu aliyekwisha kuielewa taasisi.

Agosti mwaka huohuo programu iliendeshwa kwenye kompyuta ya RAND iliyoitwa JOHNNIAC, na hatimaye ikathibitisha kauli 38 kati ya 52 za sura ya pili ya Principia Mathematica, kitabu kikuu cha mantiki cha Whitehead na Russell. Katika kiangazi hichohicho, wanasayansi wachache walikutana katika Chuo cha Dartmouth kwa mwaliko wa John McCarthy na wenzake, ambao andiko lao la kuomba fedha la mwaka 1955 ndilo lililoipa fani jina la akili mnemba. Newell na Simon walifika wakiwa na programu inayofanya kazi, ilhali wengi walikuwa na mawazo tu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Mwaka 1958 Simon na James March walichapisha Organizations, kitabu kilichoitazama taasisi kama mfumo wa kushughulikia taarifa, na ambacho lugha yake ya programu za utendaji ilitoka moja kwa moja kwenye kazi ya kompyuta. Fred Tonge aliandika programu ya kugawa kazi kwenye mstari wa kuunganishia bidhaa kiwandani, akitumia si hesabu kamili bali njia za mkato za mzoefu, yaani zile kanuni ambazo hazihakikishi jibu bora lakini humfikisha mtu kwenye jibu zuri kwa haraka. Richard Cyert na March, katika kitabu chao cha mwaka 1963 kuhusu tabia ya kampuni, walionyesha jinsi walivyochunguza namna bei zinavyopangwa katika idara moja ya duka kubwa, wakaziandika taratibu hizo kuwa programu, na programu ikabashiri kwa usahihi wa senti zaidi ya bei tisa katika kila kumi za kawaida.

Kazi iliyokwenda karibu zaidi na mtu ni ile ya Geoffrey Clarkson, mwanafunzi wa uzamivu wa Carnegie, aliyetaka kujua jinsi afisa wa amana wa benki, yaani mtu anayewekeza fedha kwa niaba ya wateja wanaoweza kuwa wajane, warithi wadogo au wastaafu, anavyochagua hisa za kununua. Clarkson aliketi na afisa huyo, akamwomba afikiri kwa sauti huku akifanya kazi, akanukuu kila hatua: alivyoanza na mahitaji ya mteja, kama ni mapato ya kila mwaka au ukuaji wa mtaji, alivyopitia orodha fupi ya kampuni badala ya soko zima, na alivyozikataa kwa mpangilio uleule karibu kila mara. Kisha akaziandika hatua hizo kuwa programu, akaipa wateja wapya, na programu ikachagua hisa zilizokaribiana sana na zile alizochagua afisa mwenyewe. Kitabu chake kilitoka mwaka 1962. Mtu anaweza kulalamika kwamba afisa mmoja si sampuli, na lalamiko hilo ni halali, lakini ni nadra katika historia yote ya fani hii kumpata mtafiti aliyeijua kazi ya mtu mmoja kwa undani kiasi hicho kabla ya kuikabidhi kwa mashine.

Sambamba na uchunguzi huo wa karibu ulikuja utabiri wa mbali, na utabiri ndio uliosikika zaidi. Mwaka 1957 Simon aliuambia mkutano wa wataalamu wa utafiti wa utendaji, yaani wale wanaotumia hisabati kupanga shughuli za mashirika, kwamba ndani ya miaka kumi kompyuta ingekuwa bingwa wa dunia wa sataranji. Ilichukua miaka 40, kwani Deep Blue ya IBM ilimshinda Garry Kasparov katika pambano la Mei 1997, na ilimshinda kwa njia ya kukokotoa mamilioni ya hatua, si kwa kuiga fikra za mchezaji kama Simon alivyotarajia. Mwaka 1958 Harold Leavitt na Thomas Whisler waliandika katika jarida la Harvard Business Review makala iliyotazama menejimenti ya miaka ya 1980, wakabashiri kwamba kazi za mameneja wa ngazi ya kati zingewekewa taratibu na kupungukiwa na hadhi, na maamuzi kurudi mikononi mwa wachache walio juu. Simon alijibu swali lilelile kwa namna yake mwaka 1960, akitofautisha maamuzi yaliyowekewa utaratibu, kama kuagiza bidhaa zinapopungua ghalani, na yale yasiyo na utaratibu, kama kuamua kufungua tawi katika nchi mpya, na akashikilia kwamba hata haya ya pili yangeweza kukabidhiwa mashine siku moja, ingawa watu wangeendelea kuajiriwa pale ambapo wao wana nafuu kuliko mashine.

Kisha nyumba ikagawanyika. Akili mnemba ilihamia katika idara mpya za sayansi ya kompyuta, ikawa na majarida yake na wafadhili wake, wengi wakiwa wa kijeshi, na vyuo vya menejimenti vikabaki na kompyuta ya kuchapa mishahara na ripoti. Russell Ackoff alionya mwaka 1967 kwamba mifumo ya taarifa ilikuwa ikimzamisha meneja katika karatasi asizozihitaji, kwa kuwa waliounda mifumo hiyo hawakuwa wameelewa anavyoamua. Mwaka 1971 Anthony Gorry na Michael Scott Morton wa MIT walichukua mgawanyo wa Simon wa maamuzi na kuufanya msingi wa kile walichokiita mifumo ya kusaidia uamuzi, wakiwa na shabaha ya unyenyekevu zaidi, kwamba mashine ikokotoe na mtu aamue. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, shabaha hiyo ilikuwa ya busara kuliko tabiri zote zilizotangulia, na ililindwa na kuchelewa kwa teknolojia yenyewe, kwani mwaka 1973 ripoti ya James Lighthill nchini Uingereza ililaumu fani ya akili mnemba kwa kutotimiza ahadi zake, na fedha za utafiti zikapungua.

Koleo lilivunjika, lakini uhunzi haukwisha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuja mifumo ya kibingwa, yaani programu zilizobeba maarifa ya bingwa wa jambo moja kwa umbo la kanuni nyingi za “ikiwa hivi, basi fanya vile”. Mfano uliochunguzwa kuliko yote katika vyuo vya menejimenti ni XCON, uliobuniwa na John McDermott wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, jina jipya la ile taasisi ya Pittsburgh, kwa ajili ya kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment. Tatizo lake lilikuwa la kawaida kabisa. Kampuni iliuza kompyuta za VAX kwa kumwacha kila mteja achague vipande anavyovitaka, na vipande hivyo vilikuwa maelfu, hivyo muuzaji angeweza kuandika oda isiyo na waya wa kuunganishia diski, au yenye kabati dogo kuliko vitu vya kuingizwa ndani yake, na kosa likagundulika mashine ikiwa imeshafungwa au imeshamfikia mteja. XCON ilianza kutumika mwaka 1980, ikaisoma kila oda, ikaongeza kilichosahaulika na kuchora mpangilio wa kabati, na ikasemekana kuiokolea kampuni mamilioni ya dola kwa mwaka.

Wahandisi waliona ushindi wa programu, lakini Dorothy Leonard-Barton na John Sviokla, wote wa Harvard, waliingia ndani ya kampuni wakaona jambo jingine. Leonard-Barton alieleza kwamba mfumo haukuingizwa kazini kama mtu anavyopachika balbu, bali mfumo na kampuni vilibadilishana umbo kwa miaka, kila kimoja kikilazimika kurekebishwa ili kiendane na mwenzake. Sviokla alionyesha jinsi majukumu yalivyohama, kwa kuwa mafundi waliokuwa wakikagua oda kwa mkono walianza kushughulikia matatizo yaliyoushinda mfumo na kuulisha maarifa mapya. Ulihitaji kulishwa kweli, kwani kufikia mwaka 1987 ulikuwa na kanuni zaidi ya 6,000, na karibu nusu yake zilibadilishwa kila mwaka kwa sababu bidhaa zenyewe zilibadilika. Bingwa aliyedhaniwa kwamba angewekwa ndani ya mashine mara moja akaachwa apumzike, ikawa lazima aendelee kuwapo.

Mwaka 1988 ulitoka utafiti unaostahili kusomwa mpaka leo na kila anayepanga kuleta mfumo wa kompyuta mahali pa kazi, kitabu cha Shoshana Zuboff kuhusu mashine zenye akili, kilichotokana na miaka ya kukaa katika viwanda na ofisi za Marekani, vikiwamo viwanda vya karatasi. Waendesha mitambo huko walikuwa wakiijua rojo ya mbao kwa kuigusa, kuinusa na kuisikiliza ikipita, lakini sasa walihamishiwa katika chumba chenye viyoyozi, mbele ya skrini zenye tarakimu. Katika kiwanda kimoja chumba hicho kilikuwa na milango miwili iliyofuatana, ambayo wa pili haukufunguka mpaka wa kwanza ufungike, ili mvuke wa kemikali usiingie. Wafanyakazi walikuwa wakitoka na kuingia kila mara kwenda kuitazama mitambo kwa macho yao, hawakuweza kungoja, wakaulazimisha mlango wa pili kwa mabega mpaka ukabaki na upenyo. Zuboff aliusoma upenyo ule kama ushahidi. Alihitimisha kwamba teknolojia ya taarifa ina njia mbili, moja ni kuiondoa kazi mikononi mwa mtu, nyingine ni kumpa mtu huyohuyo taarifa ambazo hakuwa nazo ili aielewe kazi kwa upana zaidi, na kwamba mameneja wengi walichagua ya kwanza kwa kuogopa kuigawa mamlaka.

Mwaka mmoja kabla yake, Lucy Suchman, mwanaanthropolojia wa kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, alikuwa amechapisha uchunguzi wa watu waliojaribu kutumia mashine ya kunakilia yenye maelekezo yanayotolewa na akili mnemba, akaonyesha kwamba mtu hafuati mpango kama programu inavyodhani, bali huurekebisha hatua kwa hatua kulingana na hali. Katika filamu fupi ya uchunguzi huo, mmoja wa wanasayansi wawili wanaoonekana wakihangaika kunakili karatasi zao alikuwa Allen Newell, yuleyule wa RAND na wa kadi za mwaka 1956. Hilo halimpunguzii Newell heshima. Lililothibitika ni kwamba hata mjuzi wa mashine anapoikabili kazi halisi hufikiri kwa mikono, kwa macho na kwa kuulizana na mwenzake.

Miaka ya 1990 inaweza kupitiwa kwa haraka. Soko la mifumo ya kibingwa liliporomoka, na vyuo vya menejimenti viligeukia usanifu mpya wa taratibu za kampuni na usimamizi wa maarifa. Kilichobaki hai kilikuwa cha kihesabu. Mwaka 1992, kwa mfano, Kar Yan Tam na Melody Kiang walitumia mitandao ya neva bandia, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano badala ya kupewa kanuni, kubashiri kufilisika kwa benki za Texas. Mbinu hiyo ilionekana wakati ule kuwa jambo la wataalamu wachache, kumbe ndiyo iliyokuwa na mustakabali.

Baada ya mwaka 2012, mitandao hiyo ilipoanza kutambua picha na usemi kwa usahihi uliowashangaza hata wajenzi wake, fani iliamka, na mara hii wachumi ndio waliotangulia kusema. Carl Frey na Michael Osborne wa Oxford walitoa mwaka 2013 makadirio kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani zilikuwa katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na kompyuta, wakizipima kazi 702 kwa majina na maelezo yake, si kwa kuzitembelea. Takwimu hiyo ilizunguka dunia nzima, ikanukuliwa hata na watu wasiojua kwamba waandishi wake hawakuweka muda mahususi ambao jambo hilo lingetokea.

Wanasaikolojia wa maamuzi walichukua mkondo mwingine. Tangu mwaka 1954, Paul Meehl alipolinganisha tafiti zipatazo 20 na kuonyesha kwamba kanuni rahisi za takwimu hubashiri sawasawa na mabingwa au kuwashinda, ilijulikana kwamba mabingwa hawazipendi kanuni hizo. Mwaka 2015 Berkeley Dietvorst na wenzake walionyesha kwamba watu huikimbia algoriti, yaani utaratibu wa hatua ambao kompyuta huufuata kufikia jibu, mara tu wanapoiona imekosea, hata kama makosa yake ni machache kuliko ya binadamu. Miaka minne baadaye Jennifer Logg na wenzake wakaonyesha kwamba watu wa kawaida, wasipoiona ikikosea, huiamini algoriti kuliko mtu.

Karibu zaidi na maisha ya wasomaji wa Afrika Mashariki ni utafiti wa usimamizi wa kialgoriti, istilahi iliyoanzishwa mwaka 2015 na Min Kyung Lee na wenzake waliochunguza madereva wa Uber na Lyft nchini Marekani, ambao hupangiwa abiria, hupimwa na hufungiwa kazi na programu, bila msimamizi wa kuonana naye. Katherine Kellogg, Melissa Valentine na Angèle Christin walikusanya mwaka 2020 tafiti za namna hiyo wakaonyesha kwamba algoriti humwongoza mfanyakazi kwa kuzuia na kupendekeza, humtathmini kwa kurekodi na kumpa alama, na humtia nidhamu kwa kumbadilisha na mwingine au kumtuza. Kila dereva wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam aliyewahi kuzimiwa akaunti yake anaelewa maneno hayo bila kufafanuliwa. Nchini Tanzania jambo hili lilifika kwa LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, kwani ilipoweka ukomo wa asilimia 15 kwenye kamisheni ya programu hizo, Uber ilisimamisha huduma zake mwezi Aprili 2022, ikarejea mwaka uliofuata. Mohammad Amir Anwar na Mark Graham, katika kitabu chao cha mwaka 2022 kuhusu kazi za mtandaoni barani Afrika, waliwafikia wafanyakazi wa Kenya na wa nchi nyingine, na kitabu chao kinaziba sehemu ndogo ya pengo kubwa, maana majarida makuu ya menejimenti yameandika mengi mno kuhusu mameneja wanaonunua akili mnemba na machache mno kuhusu vijana wa Nairobi wanaokaa kutwa nzima wakiweka alama kwenye picha na maandishi ili mashine ijifunze.

Mbinu ya kukaa karibu na mtu ilirejea hospitalini. Sarah Lebovitz, Hila Lifshitz-Assaf na Natalia Levina walichapisha mwaka 2022 matokeo ya kuwafuatilia madaktari wa picha za mwili katika idara tatu za hospitali moja kubwa ya Marekani. Wote walipewa mashine zisizoeleza zimefikiaje jibu. Katika idara moja tu, ile ya kutafuta saratani ya mapafu, ndiko madaktari walikokuwa na desturi ya kuihoji mashine, yaani kuyapima majibu yake dhidi ya yao mpaka tofauti ieleweke. Kwingineko, ilipopingana nao, madaktari walitumia muda mrefu zaidi wakiwa na shaka nyingi zaidi, kisha ama wakaipuuza ama wakaikubali pasipo kuelewa. Mwaka 2021 Sebastian Raisch na Sebastian Krakowski walikuwa wameeleza kinadharia kwa nini haiwezekani kutenganisha kabisa kuichukua kazi ya mtu na kumwongezea mtu uwezo, wakirudi, kwa kweli, kwenye njia mbili za Zuboff.

Kisha, mnamo Novemba 2022, ikaja ChatGPT, na ndani ya mwaka mmoja tafiti zikaongezeka kwa kasi. Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond waliwafuatilia zaidi ya wahudumu 5,000 wa wateja, ambao baadhi yao walipewa msaidizi wa aina hiyo, wakakuta tija ya waliopewa imepanda kwa wastani wa asilimia 14, na kwa wageni wa kazi asilimia 34, huku mabingwa wakinufaika kidogo tu. Fabrizio Dell'Acqua na wenzake waliwapima washauri 758 wa Boston Consulting Group, wakaona kwamba waliotumia mashine walifanya kazi haraka na vizuri zaidi, isipokuwa katika jukumu lililokuwa nje ya uwezo wake, ambako walikosea kuliko wenzao wasio nayo. Kutokana na tafiti kama hizo ulianza kuenea usemi kwamba akili mnemba huwainua walio chini.

Usemi huo ulipimwa nchini Kenya. Nicholas Otis na wenzake waliwapa wamiliki wa biashara ndogo mshauri wa akili mnemba kupitia WhatsApp, waweze kumwuliza kuhusu bei, bidhaa na wateja wakati wowote, huku wengine wakipewa mwongozo wa kawaida wa biashara. Kwa wastani hapakuwa na tofauti. Chini ya wastani huo, hata hivyo, wale ambao biashara zao zilikuwa zikienda vizuri tangu mwanzo walipata mapato zaidi, na wale waliokuwa nyuma walizidi kurudi nyuma. Watafiti waliporejea kusoma mazungumzo yenyewe, waliona kwamba maswali ya makundi hayo mawili yalifanana, na majibu waliyopewa yalifanana pia. Walichotofautiana ni kuchagua, katika orodha ya ushauri uliotolewa, lipi la kutekeleza katika duka lile, mtaa ule na kwa wateja wale, na kulitekeleza kwa namna gani.